Posa ya Kwenye Filamu

EDGAR: Haloo? Nani mwenzangu?

TUSAJIGWE: Ni mie Tusa, dada'ako. Natumia simu ya Mama, bado niko Segerea. Unanisikia?

EDGAR: Kwa mbali. Huku Tegeta mtandao unakatakata. Kuna nini?

TUSAJIGWE: Ulivyoondoka tu baada ya sala ya arobaini ya Baba, wakaweka filamu yako. Ukoo mzima, sebuleni.

EDGAR: Wamecheka?

TUSAJIGWE: Shangazi Asifiwe kafungua kikao. Ba'mdogo Petro anaandika muhtasari.

EDGAR: Dada, ile ni ya mapenzi na vichekesho—

TUSAJIGWE: Namba moja. Humo kwenye filamu Baba kampokea mchumba bila barua ya posa wala mshenga. Kampa kiti, kacheka, kamwachia binti. Shangazi anasema kaka yake hakuwa mtu wa hivyo.

EDGAR: Si alikuwa anaigiza.

TUSAJIGWE: Nimewaambia. Wakauliza, kama anaigiza, mbona kavaa shati lake la kanisani?

EDGAR: Kinondoni tulipoionyesha watu walicheka mpaka machozi. Mchambuzi wa redio alikisifu kipande hichohicho.

TUSAJIGWE: Shangazi anauliza huyo mchambuzi ni wa ukoo gani.

EDGAR: Haya, namba mbili?

TUSAJIGWE: Kipande kifutwe. Au Benedikto, aliyeigiza mchumba, alete posa.

EDGAR: Ampose nani? Noela aliyeigiza binti ni mke wa mtu, ana watoto wawili Kipawa.

TUSAJIGWE: Mumewe kaitwa. Yuko hapa anakula wali. Anasema yeye hana pingamizi.

EDGAR: Tusa, mie sifuti. Picha zote za Baba amenuna, hadi ile tuliyoweka juu ya jeneza. Anacheka hapo tu. Hakuna kwingine.

TUSAJIGWE: Najua.

EDGAR: Mama kasemaje?

TUSAJIGWE: (mtandao unakwaruza) —nyuma.

EDGAR: Nini?

TUSAJIGWE: Hajafungua mdomo tangu asubuhi. Kasema tu, "Rudisheni nyuma, pale anapocheka." Wakarudisha. Sasa hivi ni mara ya sita.

EDGAR: Na Shangazi anakubali?

TUSAJIGWE: Ndiye ameshika rimoti.

EDGAR: Kwa hiyo nifute au nisifute?

TUSAJIGWE: Usifute. Kikao kimepitisha kipande kibaki, ila Benedikto alete barua Jumamosi. Na mshenga mtu mzima, siyo wahuni wenzenu wa kamera.

EDGAR: Barua aiandike kwa nani? Baba hayupo.

TUSAJIGWE: Kwa Baba. Mama ataipokea.

EDGAR: Na wakimkubalia?

TUSAJIGWE: Hilo ni la kikao kingine. Salio linaisha, usikate. Nasogeza simu kwenye tivii... Unamsikia Baba?

EDGAR: Bado. Sogeza tena.

TUSAJIGWE: Ngoja, anavuta kiti. Haya, huyo, sik—