Maji ya Saga Tuliyoyamwaga

Mheshimiwa Waziri wa Afya katika serikali yetu ya kaunti, Profesa Wandera, mwalimu wa walimu, Mchungaji na Ustadhi, mliotuombea bila kugombania maikrofoni, Chifu wetu, akina mama wenzangu wa Buyangu mliopendeza kwa leso za sare, nanyi vijana mlioegemea ua wakati viti vipo: hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa najua niko Kakamega.

Kwa wasionijua, naitwa Milcah Musimbi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kinachopanda na kupika mboga zinazochunguzwa hapa. Nimepewa dakika tano kabla maabara hii haijafunguliwa. Nitajaribu, ingawa wanaosali nami wanazijua dakika zangu.

Miaka mitatu iliyopita alikuja kwetu msichana mwembamba, Risper Adhiambo, mwanafunzi wa shahada ya uzamifu chuoni. Akatueleza kwamba ndani ya majani ya saga, yaani mgagani, ile mboga tunayoiita tsisaka, huenda kuna viambata vya asili vinavyosaidia kuteremsha sukari kwenye damu. Alitaka iliyopikwa, maana binadamu hali majani mabichi kama mbuzi. Akasisitiza, "Mama, pikeni vile mnapikanga nyumbani, msiongeze kitu." Na kweli, hatukuongeza hata chembe ya chumvi.

Kila Alhamisi tukampelekea. Miezi kumi na minne! Na kila mara panya wa maabara ya chuo waliolishwa mboga hiyo walibaki na sukari yao vilevile. Profesa Wandera, msimamizi wake, mtu wa haki lakini si mtu wa kubembeleza, akamwambia kwamba Agosti ikiisha bila jibu, utafiti unafungwa na shahada hapati. Mnajua uchungu wa mtoto wa watu kuambiwa hivyo?

Basi Alhamisi moja ya Julai akaja mapema, akanikuta jikoni nikimwaga maji ya mboga kwa mara ya tatu.

"Mama, hayo maji unamwaga?"

"Sasa niyafanyie nini? Ni machungu."

"Na yenu mkipika, mnamwaganga hivyo?"

"Yetu tunaachanga uchungu kidogo. Hii ni ya wageni wa chuo. Mgeni hapewangi mboga chungu!"

Ndugu zangu, ni nani aliyelelewa na mama wa Kiluhya angempa profesa mboga chungu? Kumbe tulikuwa tunawaheshimu panya! Tumechemsha, tumemwaga, tumechemsha tena, na kile alichokuwa akikitafuta kimeishia kwenye migomba yangu nyuma ya jiko. Risper aliketi kwenye kigoda akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwangalia.

Tukapika upya, pamoja na maji yake yote. Katikati ya Agosti, sukari ya panya ikashuka. Profesa hakuamini, akarudia kipimo mara tatu kwa mikono yake mwenyewe, na mara zote tatu ikashuka! Vigelegele, akina mama! Wapi vigelegele? Hivyo ndivyo!

Sasa nisikizeni vizuri, hasa wewe Osiako, nakuona nyuma ya spika. Umeanza kuuza maji ya saga kwa chupa sokoni Chekalini, ukisema yanaponya. Nani alikuambia? Panya si binadamu. Mimi naishi na sukari mwaka wa tisa, na asubuhi hii nimemeza vidonge vyangu kama daktari alivyoagiza. Hakuna wa kuacha dawa hapa. Kibali cha kuwapima watu kimefika wiki iliyopita tu, na ndiyo kazi ya maabara hii.

Lakini kuna jambo ambalo Profesa halijui. Katika ripoti yake, Risper aliandika kwamba miezi ile yote ilipotea kwa kosa la mtafiti, kwamba hakuuliza maswali ya kutosha. Hakutaja kikundi. Hakunitaja mimi. Watu walimsema kwamba hajui kazi, naye akanyamaza ili sisi mama zake tusichekwe. Niliposomewa ukurasa huo mwezi jana, niliomba urudiwe mara mbili. Profesa, naomba sentensi hiyo ifutwe. Mtafiti anaijua kazi yake. Asiyejua alikuwa Milcah, na nimesimama hapa nikisema kwa mdomo wangu.

Mheshimiwa Waziri, ratiba inasema utepe utaukata wewe. Umetoka mbali, na hiyo suti si ya kukaa tu. Niwie radhi, baba. Nakuomba mbele ya umati huu umkabidhi mkasi yule aliyebeba lawama yetu kwa shingo yake mwenyewe, asimwambie mtu.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu na dakika ambazo hazikuwa zangu. Namwona Waziri ameinuka, anatabasamu, na mkasi uko mkononi. Dakta Risper, mwanangu, wacha kulia. Njoo ukate.