Kibao cha Ng'ambo

Benchi hili la kijiweni alilichomelea Cheche mwenyewe, enzi zile bado anachomelea mageti mchana kutwa. Siku hizi bosi wake amemkabidhi brashi na kopo la rangi, kwa sababu miwani ikipata ukungu ndani ya kofia ya kuchomelea, fundi huyu anaunga bawaba juu chini. Inamuuma, tena sana. Kesho saa tatu asubuhi atafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza ili arudi kwenye moto wake. Kosa lake ni moja tu: jambo lenyewe alilisema kijiweni, kahawa ikiwa bado ya moto. Miwani ilikuwa mfukoni, maana hapa ukiivaa unaitwa Dirisha.

— Leza! akaguna Profesa, ambaye hajafundisha popote wala hajawahi kukosa jibu. Mdogo wangu, ile kitu inachoma.

— Inarekebisha kile kioo cha mbele cha jicho, akasema Cheche. Daktari kanieleza. Dakika chache tu.

— Chuma ukikichoma kinanyooka au kinapinda?

Kwa chuma Cheche hakuwa na ubishi.

— Halafu machozi yanakauka, akadakia Redio, kinyozi, ambaye habari zote humfikia akiwa na wembe mkononi. Kuna jamaa kafiwa na mama mkwe, jicho kavu! Wakwe wamemfukuza msibani.

— Huyo hata bila leza asingelia, akasema mama muuza kahawa, huku akimimina.

— Usicheke, mama. Mwingine walimzidishia. Sasa anaona mpaka ndani ya mikoba ya watu. Hata basi hapandi, anaona haya.

— Afadhali huyo, akasema Profesa. Ule mwale unatoka kwenye setilaiti. Likikatiza wingu, unarudi nyumbani jicho moja la mbali, jingine la karibu. Utakuwa unatembea kwa kuzunguka.

Cheche alijua kabisa kwamba huu ni upuuzi. Hata hivyo alitazama juu kuona kama kuna wingu.

— Na kwanza huumwi, Profesa akahitimisha. Hebu soma kile kibao cha ng'ambo.

Hicho ndicho kipimo cha kijiwe, na hakuna aliyewahi kukishindwa.

— Duka la Vyakula, Jumla na Rejareja, akasoma Cheche.

— Enhe! Redio, chini pameandikwaje?

— Karibuni Wateja Wote. Na namba ya simu nikutajie?

— Sasa mtu anasoma hivyo, akachomwe macho ya nini?

Cheche akajisikia mwepesi. Akatoa simu aahirishe, ingawa moyoni alikuwa anafuta kabisa.

Mwanamke mmoja akavuka barabara kutoka kule kule ng'ambo.

— Hamjambo, kaka zangu? Nani hapa anamfahamu fundi wa kuandika vibao? Nimelikodi lile duka. Kibao nimekipaka rangi nyeupe tangu mwezi jana, mpaka leo hakina hata herufi moja.

Profesa akachungulia kikombe chake. Redio akafinya jicho moja, kisha jingine. Cheche akavaa miwani mbele ya kijiwe kizima, akatazama ng'ambo. Kibao kilikuwa cheupe pee.

Hakuna aliyemwita Dirisha. Akairudisha simu mfukoni bila kupiga.

— Cheche, akanong'ona Redio. Hiyo kesho, wanaruhusu kusindikizwa?

— Twende wote, akasema Profesa, akijipapasa shingo taratibu. Redio, si ni wewe uliyeninyoa leo asubuhi?