Ng'ombe wa Mzee Waenda Usaili

Katika basi la Mwanhuzi, binti wa kiti cha mbele yangu alikuwa akikariri daftari. Saa sita alikuwa na usaili wa kazi ya kuongoza watalii. "Babu, hizi go into, go across, go through za Kiingereza zinanichanganya," alimwambia mzee aliyeketi naye.

"Lifunge daftari, mayu," mzee alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ng'ombe wangu wanaingia zizini." "Go into." "Wanavuka mto." "Go across." "Wanapita katikati ya shamba la pamba la jirani." "Go through." Wakacheka. Jirani, nadhani, hakucheka.

"Lakini kwenda ni kwenda tu," mzee alisema. "Hivyo vijineno vya nini?"

"Bila hivyo, babu, nitamwingiza mgeni mtoni badala ya kumvusha."

Walibishana mpaka stendi. Binti alishuka, daftari likiwa mkobani, akiwapitisha ng'ombe mdomoni mmoja mmoja: go into, go across, go through.