Bwana Clive, Mtu wa Kesho

Ijumaa tarehe 28 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuhudumia mashine zetu za kuchambua vitunguu vya maua ya tulipu hapa Breezand, Uholanzi, Bwana Clive Ormerod anastaafu. Tumshukuru Mungu: mashine zinazunguka, vidole vyake vyote anavyo, na banda la nyuma ya nyumba yake, kwa kauli yake mwenyewe, "kesho nitalipaka rangi".

Mgeni atauliza, banda gani tena? Hapa kila Jumatatu saa nne tunaketi kunywa kahawa, biskuti moja kwa kila mtu na kopo linafungwa, na kila mmoja anaeleza alivyomaliza wikendi. Alivyomaliza, jamani! Mambo ya juzi na jana. Na Clive, mzaliwa wa Burnley aliyeletwa huku na mapenzi ya Bi Aafke, aliukimbia wakati uliopita wa Kiholanzi kama ukoma.

Tusimcheke bila kumwonea huruma kidogo. Sisi tuliokuja na Kiswahili tulizoea kubandika "li" yetu na kwenda zetu. Kiholanzi kwanza kinakuchagulisha kimoja kati ya vitenzi visaidizi viwili, kisha kinakubebesha banda, rangi, brashi na mvua ya Jumamosi, na tendo lenyewe unalitua mwisho kabisa, likiwa na "ge" kichwani. Mwingereza amezoea kulitaja tendo mapema apumue. Akifika mwisho wa sentensi ya Kiholanzi, mikono mitupu. Halafu kuna vitenzi vinavyofanana na vya kwao, vinamchekea mlangoni, akivikaribisha ndani vinamgeuka.

Basi Clive akajitafutia dawa: jana hakufanya kitu. Kila alilokwisha kulifanya, alisema atalifanya. Banda lilipakwa rangi mara tatu, sisi tunajua linasubiri tu. Binti yake alikuwa keshazaliwa, ananyonya, na Sietske wa ghalani bado anatuhimiza tumwombee Bi Aafke ajifungue salama.

Na alipobabaika, sisi wakarimu tulimsaidiaje? Mholanzi akinusa lafudhi ya Kiingereza, ulimi unageuka hapo hapo. "Kaka, unajitesa bure, sema Kiingereza tu!" Wobbe, mpanga zamu wetu, alikuwa akimwambia, na Kiingereza cha Wobbe, Mungu amsamehe, kinaumiza masikio ya ng'ombe. Clive hakuwahi kufika kwenye tendo.

Kicheko kiliingia shubiri alipoomba kuwa mkuu wa karakana. Kamati ilimuuliza amefanya nini cha maana. Clive, aliyeifufua mashine kubwa mwaka ule maji yalipoingia ghalani, akajibu kwamba ataitengeneza. Wakamnyima. Mara ya pili, vilevile. "Huyu mtu wa ahadi tu," alisema Bwana Gerbrand, mwenyekiti wa kamati. "Hata banda limemshinda!" Na Clive alikitaka cheo kile, alikitaka kweli. Vijana aliowafundisha kushika spana walikuwa wanampita mmoja mmoja.

Ndipo akajisalimisha kwa mama mkwe wake, Bibi Trijntje, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Majira yote ya baridi alishinda jikoni kwake. Bibi alikuwa akikaanga kroketi za nyama na kuikumbatia sahani. "Tendo, mwanangu! Tendo liko wapi?" Bila tendo, hakuna kroketi. Januari Clive alikonda. Kufikia Machi vifungo vya shati vilikuwa havifiki, tukajua mambo yameiva.

Mara ya tatu aliingia kwenye kamati kavaa tai. Akaanza kwa Kiholanzi safi: mashine kubwa, mwaka wa maji, kwa mikono yake mwenyewe... Bwana Gerbrand akaisikia lafudhi, akatabasamu kwa huruma, akamkata kwa Kiingereza: aongee kwa raha zake. Clive akaanza upya, kwa Kiholanzi. Akakatwa tena. Mlango ulikuwa wazi, na karakana nzima ilisikia vituko: Mwingereza mmoja anang'ang'ania Kiholanzi, Waholanzi wanne wanang'ang'ania Kiingereza, hakuna anayekubali kushindwa. Uamuzi ukatoka kabla ya chakula cha mchana. Fundi hodari, ila Kiholanzi chake hakijatosha. Cheo akapewa Jurre, mwanafunzi wake.

Ala! Kitatosha vipi, nanyi hamkumwacha afike mwisho? Iliniuma, na bado inaniuma. Clive mwenyewe alimpa Jurre mkono, akarudi kulainisha minyororo, na kazi yake haikulegea hata siku moja.

Asante, Clive, kwa kila mashine uliyoiamsha tukiwa tumekwisha kuikalia matanga. Wewe na Bi Aafke tunawaombea afya, wajukuu watundu na miaka mingi ya kuamka bila king'ora.

Kwa desturi yetu, anayeaga ndiye anayeleta keki, na ataileta. Kisha atahutubia, kwa Kiholanzi. Tulipomuuliza angependa zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akakataa baiskeli. Ameomba jambo moja tu: tunyamaze mpaka amalize sentensi.

Bwana Gerbrand, umesikia?