Umenawiri, Dada

Ndani ya basi, mwanamke mwembamba alimgeukia fundi cherehani aliyeketi pembeni yake. "Umenawiri, dada. Niambie unakula nini, maana mume wangu ananiita kijiti."

Fundi hakucheka. Kwa sifa hiyohiyo mama mkwe wake alikuwa akimwongezea chakula, naye akipokea kwa mikono miwili.

"Unene huu na sukari vimeniharibia mishipa midogo ya macho," alijibu. "Ni myembamba kuliko uzi wangu, na daktari kasema inavuja damu. Juzi nimeshona mkono wa gauni la bibi harusi nje ndani."

"Hayo ni macho tu, mwili unao. Mimi naona hadi tundu la sindano, lakini nyumbani kwangu sionekani."

"Basi chukua mwili, nipe macho."

Mwembamba akacheka kama aliyetajiwa bei nzuri.

Basi likasimama. "Hapa ndipo hospitali?" fundi akauliza.

"Si kibao kile, kikubwa kama ukuta?"

Fundi akashuka taratibu, akiitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu. Nyuma yake akasikia, "Lakini dada, hujaniambia unakula nini."