Sista Sikuzani Anatuachia Somo la Jumanne

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Sikuzani Idrisa, muuguzi mkunga, anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya hapa Ng'ambo kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa maabara niandike wasifu wake, tena uwe wa kuchangamsha. Kamati imekosea mtu. Nitajitahidi, lakini miaka yenyewe haikuwa yote ya kuchekesha.

Alianzia wodi ya wazazi. Baadaye wajawazito wenye kisukari walipozidi kuongezeka, yeye ndiye aliyepigania wapewe kliniki yao, kila Jumanne asubuhi. Walimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Aliwakataza asali, na kukataza asali katika mji huu wa Tabora ni kutafuta ugomvi na kila nyumba. Aliwakataza na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mama aliyekuja na kifuko chake cha viazi alikikalia mpaka Sista apite.

Sasa nifike kwa Recheli, maana bila yeye wasifu huu ungekuwa wa uongo.

Recheli ni mkulima wa Igalula. Miaka saba iliyopita alikuja na mimba ya kwanza na sukari iliyopanda. Sista alimwambia alichowaambia wote: punguza ugali, acha asali, kula mboga kwa wingi, na mbichi ni bora zaidi. Recheli alitii kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona. Alilima bustani nyuma ya nyumba, akawa anang'oa karoti, anazifuta kwa kanga na kuzila palepale. Sukari ikashuka, ikatulia. Sista akawa anamsimamisha mbele ya wenzake awe mfano, na mimi nikichukua damu yake nilimwita mwanafunzi bora.

Mtoto wake, Xavery, alizaliwa mdogo, na macho yake hayakufuata mwanga. Sampuli ya damu ilipelekwa mbali, majibu yakarudi: toksoplazma. Ni kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, kikakaa kwenye udongo, na kinapatikana pia kwenye nyama isiyoiva. Mjamzito anaweza asihisi lolote, au ahisi kahoma kadogo tu, kumbe kinamfikia mtoto tumboni na kumharibu macho au ubongo. Sisi hatukuwa tunakipima. Hata kukitaja hatukuwa tunakitaja.

Sista alikwenda Igalula kupeleka majibu mwenyewe. Alimkuta paka wa ghala la mahindi amelala katikati ya matuta ya karoti, kwenye udongo mlaini alikozoea kujisaidia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni karoti. Huenda ilikuwa nyama, huenda maji, na tulimwambia hivyo mara nyingi. Sista hakuitaka faraja hiyo. Alimweleza Recheli kila kitu, pamoja na kwamba hakuwahi kumuuliza habari za paka wala za kuosha mboga. Recheli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, Sista," akasema. "Ningekuwa mkaidi, mwanangu angekuwa anaona."

Hakurudi kliniki tena. Hilo ndilo lililomnyima Sista raha, kwani mwenye kisukari akishaikimbia kliniki, mimba yake inayofuata iko hatarini. Alitaka ampate amwambie mambo mawili tu: kwamba kijidudu kile kikishampitia mtu, mara nyingi hakigusi mimba za baadaye, na kwamba sukari haina huruma hiyo. Alituma salamu kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa wauza mboga wanaokuja na treni. Hazikujibiwa. Siku moja walikutana sokoni uso kwa uso, na Recheli, ambaye Sista angeweza kumzaa, alimpita bila shikamoo. Siku hiyo Sista hakugusa chakula, na mimi nilishindwa hata kumtania.

Tangu hapo somo la Jumanne huanza na kosa lake mwenyewe. Hulisimulia lote bila kutaja jina, kisha huuliza: nani anafuga paka, nani anakula udongo, nani analima halafu anashika chakula kabla ya kunawa? Wakubwa walilalamika kwamba anakiaibisha kituo. Alijibu kwamba aibu haijampofusha mtoto yeyote. Mafunzo yake yalifika mpaka barabarani: Twalibu, muuza mishikaki wa jirani, akiona tumbo linakuja hurudisha nyama motoni mpaka ikauke kama kiatu. Mishikaki hiyo inaitwa "ya Sista", na ole wako ukipewa kwa makosa.

Jumanne ya pili ya Mei, Recheli aliingia. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na sukari ilikuwa imepanda kuliko nilivyopenda kuiona. Alikaa mwisho wa benchi. Sista alikuwa katikati ya somo. Alipomwona, akalikatiza. Kina mama wote wakageuka.

"Endelea, Sista," Recheli akasema. "Hawa hawakuwepo."

Akaendelea mpaka mwisho. Kisha wawili hao waliingia chumbani wakafunga mlango, na waliyozungumza siyajui. Ninachojua ni kwamba Recheli amekuja kila Jumanne tangu hapo, na kwamba bado hamwamkii.

Anatarajia kujifungua Septemba. Sista aliomba aongezewe muda mpaka hapo, utaratibu haukuruhusu. Ningependa kuandika kwamba yote yatakwenda vizuri, lakini kipimo cha wiki iliyopita hakinipi ruhusa hiyo.

Sista Sikuzani, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, nyumba yenye amani na usingizi mzuri. Kusahau hatukuombei, tunajua hutaki. Septemba, mtoto akizaliwa, tutakupigia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Iwe heri au isiwe, simu ikiita, pokea.