Gari la Rubani Hutoka Saa Ngapi?

Kijiwe chenyewe ni benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda cha kunyolea, na viti viwili vya plastiki ambavyo kila kimoja kina mguu wake mbovu wa kuchunga. Kibanda ni cha Redio, kinyozi, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Mkalie kitini dakika kumi tu utajua. Ukutani kushoto kuna matairi ya Jeki, fundi pancha, aliyepewa jina hilo baada ya kuinua gari kwa mgongo na kulala kitandani wiki mbili. Wa tatu ni Wakili, aliyekuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, na ambaye hajawahi kumtetea mtu isipokuwa nafsi yake, tena mbele ya mkewe. Wa nne ni Rubani, dereva wa ofisi aliyestaafu. Gari lake, jeupe, la milango minne, huegeshwa hapohapo mbele ya benchi, na kahawa hutoka kwenye birika ambalo muuzaji huliacha chini ya benchi asubuhi akalifuata jioni.

Siku hiyo Rubani alikuwa anauza gari. Mnunuzi, mkunga wa zahanati ya pale karibu, alisema angefika saa kumi. Rubani alikaa ncha ya benchi, ufunguo mkononi, akiomba mambo mawili: gari liondoke, na hawa watatu wasijue kwa nini linaondoka. Sababu ilikuwa macho. Presha ya macho ilikuwa imeshamla pembeni kote, na kilichobaki ni kijitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Miezi mitano iliyopita daktari alimwambia asishike usukani tena, na wala hakuzungusha maneno. Aliyejua ni binti yake peke yake. Mtu umeitwa Rubani miaka thelathini, utaanzaje kuvushwa barabara na kina Jeki huku wanakwambia "taratibu, mzee"? Bora wamdhanie lolote.

Nao walikuwa wanamdhania lolote.

— Mimi nasema ni giaboksi, alianza Jeki. Mtu hauzi gari zima. Ukiona gari linang'aa namna ile na mwenyewe anatafuta mteja, ujue kuna kitu kinalia huko chini.

— Giaboksi ni nzima, alisema Rubani.

— Kila muuzaji husema hivyo. Ndiyo maana mimi nikienda kumkagulia mtu gari, nafika alfajiri, kabla hajaamka. Nataka nilikute limepoa. Ukifika ukakuta boneti ina joto, mwenyewe keshaliwasha, hapo kuna mlio wa asubuhi anauficha. Geuza, nenda zako.

— Na usipofukuzwa kwa kudhaniwa mwizi, alisema Redio.

— Nimefukuzwa mara mbili. Lakini gari bovu sijanunua.

— Wewe hujanunua gari lolote, Jeki.

— Ndiyo nakwambia.

Redio akajimiminia kahawa. Wakili alikuwa amekunja miguu, akisubiri zamu yake kama alivyozoea kusubiri faili.

— Tatizo si giaboksi, alisema. Tatizo ni bima. Rubani, bima yako ni ndogo au kubwa?

— Ndogo.

— Umeona. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Wewe na gari lako mkiumia, mnapewa pole. Sasa mtu mwenye bima ndogo anauza ghafla, mimi najiuliza: amemgonga nani?

— Sijamgonga mtu.

— Sijasema umemgonga. Najiuliza tu.

Rubani alicheka kidogo, kicheko cha mdomoni. Ukweli ni kwamba nusura amgonge mtu. Asubuhi moja, kwenye njia panda chini ya mlima wa zahanati, mwanamke mwenye kapu alitokea kushotoni, mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu, na breki ndizo zilizomwokoa. Yule mwanamke alimtukana vizuri sana. Rubani alikubali kila neno, akarudisha gari mahali pake mbele ya benchi, na kesho yake akaenda kwa daktari.

— Nyie wote hamjui, alisema Redio, akaweka kikombe chini. Habari ninayo. Huyu amechukua mkopo.

— Mkopo wa nini?

— Sijui wa nini. Lakini gari ndiyo dhamana. Anataka aliuze kabla benki haijaja, halafu huyu mkunga wa watu auziwe mbuzi kwenye gunia. Siku moja anatoka kazini, anakuta gari limebebwa.

— Hilo linawezekana kisheria, alisema Wakili, ambaye hulikubali jambo lolote likiwa na hati ndani yake. Ndiyo maana mnunuzi haangalii gari kwanza. Anaangalia kadi. Jina la kwenye kadi, na jina la anayeuza, na namba ya injini. Vitu hivyo vikipishana hata herufi moja, chai yenyewe usinywe.

— Kadi ina jina langu, alisema Rubani. Na mkopo wa mwisho nilichukua nikiwa na nywele.

— Basi ni mwanamke, alisema Redio.

— Haya.

— Una mke mwingine mji mwingine. Amechoka kukusubiri, anataka mhamie pamoja, na huku gari linafahamika. Ukienda nalo, shemeji yetu atakufuata kwa namba.

— Mke wangu ana miaka sitini na moja, Redio. Na magoti yake hayamfikishi hata sokoni.

— Si ndiyo maana ukatafuta mwingine?

Walicheka wote, na Rubani naye. Alikuwa anafurahi kweli. Kila dhana iliyozidi kuwa ya kipuuzi ilimpeleka mbali na pale palipokuwa na ukweli, na angeweza kukaa hapo akisingiziwa mpaka magharibi. Jeki, asiyependa kushindwa, akarudi na kubwa zaidi: Rubani alimwendesha mkurugenzi miaka kumi, akasikia mengi, na kuna mkoba umeshonewa ndani ya kiti cha nyuma. Wakili akaongeza kwamba kama mkoba upo, basi kisheria ni wa mnunuzi, labda uandikwe pembeni. Redio akasema yeye aliwahi kukalia kile kiti na kikamchoma.

— Ulikalia funguo zako mwenyewe, alisema Rubani.

— Hata mimi nilidhani hivyo wakati ule.

Saa kumi kasoro mkunga akafika, kwa miguu, bado amevaa sare yake, na daftari la shule limekunjwa kwapani. Rubani alimtambua kwa sauti.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wote, wakajipanga vizuri kwenye benchi mithili ya watu waliokuwa wakizungumza mambo ya maana.

— Baba, samahani, mimi magari siyajui, alimwambia Rubani. Kaka yangu ameniandikia maswali. Nitauliza moja moja, usinichoke.

— Uliza, mwanangu.

Alianza na kadi. Akasoma jina, akafungua boneti, akapangusa namba ya injini kwa kidole na kuisoma kwa sauti, herufi moja moja, na Wakili akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akagusa injini: imepoa. Jeki naye akaitikia kwa kichwa. Akachomoa stiki ya oili, akaitazama juani.

— Kaka anasema ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

— Ina rangi gani? aliuliza Rubani, kisha akajuta, kwa sababu swali hilo halikuwa la mwenye gari.

— Ya asali. Nzuri.

Akauliza bima inaisha lini, na kama inahamia kwa mnunuzi au anaanza upya. Wakili alimjibu kwa dakika saba, na jibu lenyewe lilikuwa: anaanza upya. Akauliza Rubani alikuwa akibadilisha oili baada ya kilomita ngapi. Rubani akamjibu, akamwambia na ya breki, na ya mkanda wa injini, na duka gani asinunue plagi. Mkunga aliandika yote. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Rubani alishaanza kuuona ufunguo ukitoka mkononi mwake na siri ikibaki nyumbani kwake, mahali pake.

Mkunga akapiga magoti kwenye tairi la nyuma. Akachungulia chini, akakaa hapo kidogo, akasimama akijipangusa vumbi.

— Swali la mwisho si la kaka, ni langu. Hili gari limetoka lini mara ya mwisho?

Swali jepesi hilo. Jeki alikuwa wa kwanza kulidaka.

— Linatoka kila siku. Mimi nafungua hapa saa kumi na mbili, nakuta Rubani yuko ndani kwenye usukani, injini inanguruma, anasikiliza taarifa ya habari.

— Halafu linakwenda wapi?

— Halafu, alisema Jeki, halafu mimi naingia kwenye kazi zangu. Nadhani hutoka mchana. Redio ndiye yupo mchana.

— Mchana lipo hapa, alisema Redio. Mimi huliegemea. Lazima linatoka jioni, nikifunga. Wakili ndiye hupita jioni.

Wakili alikunjua miguu yake.

— Jioni nalikuta hapa, alisema. Miye nilijua ni asubuhi.

Wakatazamana, halafu wakalitazama gari. Chini ya matairi majani yalikuwa yameota, mabichi, yamefika nusu ya rimu. Watu watatu walikuwa wamekaa hatua nne kutoka hapo miezi mitano, wakinywa kahawa, na mmoja wao kazi yake ni matairi.

— Baba? alisema mkunga.

Rubani alikuwa na uongo wa kutosha. Alikuwa ameuandaa tangu mwezi ule wa kwanza wa kuficha: jana, nilikwenda kwa binti; juzi, mazishini. Neno moja tu, na mkunga angeuchukua ufunguo na kuondoka. Lakini angeondoka na breki zilizokaa miezi mitano bila kukanyagwa barabarani. Kesho angeitwa usiku na mama mwenye uchungu, angeteremka mlima wa zahanati mbiombio, na chini pale kuna njia panda. Rubani aliijua njia panda ile vizuri sana. Alihisi uoga, ukapita, ikabaki hasira kidogo, ya kujikasirikia mwenyewe.

— Miezi mitano, alisema. Usiliendeshe kabla Jeki hajafungua breki zote nne. Zitakuwa na kutu. Na matairi ya nyuma yamelalia upande mmoja, yatatetemesha usukani. Hayo hayakuandikwa kwenye daftari lako, lakini yaandike.

— Kwa nini halikutoka?

— Sioni, mwanangu.

Redio akainama, akajifanya anatafuta birika chini ya benchi.

— Macho yote mawili? aliuliza mkunga, kwa sauti ileile aliyoulizia oili.

— Yote. Katikati pamebaki kidogo.

— Dawa ya matone unaweka?

— Asubuhi na jioni.

— Usiache hata siku moja. Hicho kidogo ndicho unachokilinda sasa.

Akaandika ya breki kwenye daftari.

Jeki aliinuka bila kuambiwa. Akaleta jeki, akafungua gurudumu la kwanza, akapiga breki msasa, akarudisha, akahamia la pili. Kwa kawaida Jeki hawezi kufungua hata nati bila kueleza nati hiyo ilivyomkosea, lakini safari hii alifanya yote manne kimya. Wakili alimimina kahawa iliyobaki kwenye birika, akampa mkunga. Rubani alisikiliza msasa ukikwangua kutu, na kila gurudumu lilipomalizwa alijua ni lipi.

— Nitakwenda nalo mpaka kona na kurudi, alisema mkunga kazi ilipokwisha. Wewe njoo ukae nami, baba. Mimi milio siijui. Utanisikilizia.

Rubani akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, mkono ukakiona kishikio bila kukitafuta. Alikuwa ameshaufungua ndipo alipogundua kwamba mkunga amesimama nyuma yake, anangoja.

— Samahani, alisema.

Akampa ufunguo. Akalizunguka gari kwa nyuma, kiganja kikitambaa juu ya bodi, taa, buti, taa, mbele ya watu wote. Mahali fulani kulikuwa na tairi kuukuu lililolazwa njiani. Alisikia likivutwa kando kabla hajalifikia. Kuvutiwa tairi kando ndicho alichokikimbia miezi mitano yote ile. Kilimuuma, ila si kwa kiasi alichokuwa amekiogopa.

Akaketi.

— Funga mkanda, baba.

Akapeleka mkono begani, hakuna kitu. Akautafuta huku na huku. Miaka kumi na saba na gari hili, hajawahi kukaa upande huu hata siku moja, na hakujua mkanda unaanzia wapi. Jeki akaja dirishani, mikono myeusi kwa grisi, akauvuta mkanda kwa vidole viwili ili asimchafue shati, akaufunga. Akabaki ameinama pale.

— Nilidhani hutoka mchana, alisema.

— Najua, alisema Rubani. Ondoa mkono, tunakwenda.